Bailey Willis, Mtu Aliyeonya Juu ya Tetemeko la Nchi

Wasomaji wenzangu, tukitajiwa mtu mashuhuri wengi wetu humkumbuka mfalme, jemadari, au mtu aliyevumbua mashini fulani. Mimi leo nataka kuwasimulia habari za mtu ambaye hakuwa mmoja wa hao. Kazi yake ilikuwa kuisoma milima na mabonde, na katika uzee wake akawa mwenye kuwaonya watu wa nchi yake juu ya tetemeko la nchi. Jina lake Bailey Willis, Mmarekani. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alifika huku kwetu Afrika ya Mashariki mwaka 1929 kulitazama Bonde la Ufa. Pili, mambo yaliyompata yahusu sana majengo ya shule, na sisi tunaosoma gazeti hili twalala na kujifunza ndani ya majengo kama hayo kila siku.

Huku Arua, na Koboko vilevile, tetemeko la nchi si jambo la mazungumzo. Sisi huzungumza juu ya mvua, bei ya muhogo, mabasi ya kwenda Kampala, na habari za mpakani. Mtoto wa Toro, chini ya milima ya Ruwenzori, akisikia sufuria zikigongana jikoni usiku, hajiulizi mara mbili. Amekwisha kuambiwa na wazee wake ni kitu gani. Mtoto wa hapa akisikia hivyo atadhani lori limepita. Basi tofauti hii, kwamba watu wa mahali hapa wanalijua tetemeko na watu wa mahali pale hawalijui, ndiyo iliyomshughulisha Bwana Willis miaka mingi.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Bailey Willis alizaliwa tarehe 31 Mei 1857 katika jimbo la New York. Baba yake, Nathaniel Parker Willis, alikuwa mtunga mashairi na mwandishi aliyejulikana sana siku zile, lakini alifariki mwaka 1867, mwanawe angali mdogo. Mama yake alitaka kijana apate elimu nzuri, akampeleka Ujerumani akasoma huko miaka kadhaa. Aliporudi kwao aliingia chuo cha Columbia katika mji wa New York, akajifunza uhandisi wa madini, kisha uhandisi wa ujenzi. Alimaliza mwaka 1879.

Angaliene jambo hili, kwa maana litatusaidia mbele. Mtu huyu alijifunza elimu mbili pamoja: elimu ya mawe yaliyo chini ya nchi, na elimu ya nyumba na madaraja yanayojengwa juu yake. Wataalamu wengi wa mawe hawajui ujenzi, na wajenzi wengi hawajui habari za mawe. Yeye alizijua zote mbili.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta makaa ya mawe kwa ajili ya kampuni ya reli, kaskazini-magharibi ya Marekani. Huko alitembea katika misitu minene na kukata njia mpaka kwenye mlima mkubwa wa theluji uitwao Rainier. Mpaka leo ukuta mmoja mkubwa wa jabali na barafu katika mlima ule unaitwa kwa jina lake. Baadaye akaandikwa katika idara ya serikali inayopima na kuchora habari za ardhi, akafanya kazi humo zaidi ya miaka 30.

Katika idara ile alifanya jambo moja la werevu. Alitaka kujua milima yenye mikunjo ilipataje kukunjika. Akatengeneza kisanduku, akatia matabaka ya nta, mengine laini na mengine magumu, akayasukuma kutoka upande mmoja kwa nguvu kidogo kidogo. Nta ikainuka na kukunjamana kama vile matabaka ya mawe yaonekanavyo katika milima ya Appalachia. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1893, na wanafunzi wa elimu ya mawe wakazisoma miaka mingi.

Mwaka 1903 na 1904 alisafiri China kupima mawe ya nchi ile. Mwaka 1911 aliitwa na serikali ya Argentina, akakaa mpaka mwaka 1914 akipima sehemu za kusini, akaonyesha pa kupitisha reli na pa kupata maji. Mwaka 1915 akawa profesa katika chuo kikuu cha Stanford, California. Alikuwa na umri wa miaka 58. Mtu angedhani kazi yake kubwa imekwisha, bali ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

NCHI INAYOTETEMEKA NA WATU WANAOSAHAU

Hapana budi nieleze kidogo California ni nchi ya namna gani. Kutoka kaskazini hata kusini, kwa mamia ya maili, nchi ile imepasuliwa na ufa mkubwa uitwao San Andreas. Upande mmoja wa ufa husogea polepole kupita upande wa pili. Lakini mawe hayatelezi kwa urahisi. Hushikamana, yakavutika kama upinde wa mshale, na siku yakishindwa kustahimili huachia kwa ghafula. Kule kuachia ndiko tetemeko. Hayo yalitokea tarehe 18 Aprili 1906, na mji wa San Francisco ukaangamia kwa mtikisiko na kwa moto uliofuata. Watu kama 3,000 walikufa.

Sasa, je, watu wa mji ule walifanya nini? Walijenga tena upesi, lakini wenye biashara wengi walipenda kusema kwamba mji uliharibiwa na moto. Moto waweza kutokea mji wo wote, na haumwogopeshi mgeni anayetaka kununua kiwanja. Neno tetemeko lilifukuza wanunuzi, kwa hiyo likafichwa kama ugonjwa wa aibu. Hivyo watu walioliona tetemeko kwa macho yao walifanya bidii kulisahau, na hawakutunga sheria ya kujenga nyumba zenye kulistahimili.

Bwana Willis hakupendezwa na hayo. Mwaka 1921 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Wamarekani wanaochunguza matetemeko, akakiongoza mpaka mwaka 1926. Yeye pamoja na mwenzake Harry Wood walitengeneza ramani ya California yenye kuonyesha nyufa zote zilizojulikana, ili kila mtu aone mwenyewe nyumba yake imejengwa karibu na ufa upi. Ramani hiyo ilitolewa mwaka 1923.

Mwaka huohuo alikwenda Chile, katika Amerika ya Kusini. Huko, tarehe 10 Novemba 1922, palitokea tetemeko kubwa mno pamoja na mawimbi ya bahari. Miji ya Vallenar na Copiapó ilikuwa na nyumba nyingi za matofali ya udongo mbichi, na kuta zake nzito ziliwaangukia wenyeji. Alijifunza huko ya kwamba hasara haiji kwa ukubwa wa tetemeko peke yake. Huja pia kwa namna ya udongo ulio chini ya nyumba, na kwa namna ya ukuta. Ukuta mzito usiofungwa pamoja huanguka. Nyumba nyepesi ya miti huyumba, ikasimama tena.

Mwaka huo pia, tarehe 1 Septemba 1923, miji ya Tokyo na Yokohama nchini Japan iliharibiwa, wakafa watu zaidi ya 100,000. Wajapani, kinyume cha watu wa San Francisco, hawakuficha. Mwaka uliofuata waliweka sheria kwamba majengo makubwa yapigiwe hesabu ya nguvu za kusukumwa upande na tetemeko. Na tangu mwaka 1960 tarehe 1 Septemba ni siku yao ya kujikumbusha misiba, na wanafunzi hufanya mazoezi ya kujiokoa. Hizo ndizo nchi mbili zilizopatwa na jambo moja, moja ikajifunza upesi, ya pili ikachelewa.

ASUBUHI YA SANTA BARBARA, NA UTABIRI ULIOMLETEA TAABU

Tarehe 29 Juni 1925, saa kumi na mbili na dakika 42 asubuhi, mji wa Santa Barbara, California, ulitikiswa. Kwa bahati Bwana Willis alikuwa katika mji huo siku ile. Alitoka akatembea mitaani akiangalia jengo moja moja. Aliona kwamba majengo mawili yaliyo jirani, yaliyotikiswa sawasawa, hayakupata hasara sawasawa. Lililojengwa kwa uangalifu lilisimama. Lililojengwa kwa chokaa hafifu na bila kufungwa lilimwaga matofali yake barabarani. Watu 13 tu walikufa, kwa kuwa maduka na ofisi zilikuwa hazijafunguliwa. Kama lingekuja saa nne baadaye, ingekuwa habari nyingine.

Basi alianza kwenda huku na huku akihutubia watu. Aliwaambia wahandisi, wenye benki na wenye bima kwamba kujenga vizuri hakuzidishi gharama sana, na kwamba fedha chache za leo zitaokoa roho nyingi kesho. Mji wa Santa Barbara ulikubali kuweka kanuni mpya za ujenzi. Katika chuo cha Stanford alisaidia kuanzisha mahali pa kujaribia mifano ya majengo juu ya meza inayotikiswa kwa mashini.

Lakini hapo alikosea, na mimi sitaficha kosa lake, maana habari za mtu zikisimuliwa nusu hazina faida. Wapimaji wa serikali walitoa hesabu zilizoonyesha kwamba vilele vya milima fulani ya California vimesogea futi nyingi. Bwana Willis aliziamini. Akaona kwamba upinde umevutwa sana, akatangaza mwishoni mwa mwaka 1925 kwamba tetemeko kubwa litafika kusini mwa California, katika sehemu za Los Angeles, katika muda wa miaka michache, yumkini kabla ya miaka kumi kwisha.

Habari ikaenea. Bima ya matetemeko ikapanda bei. Wenye viwanja na wenye mahoteli wa Los Angeles walikasirika sana, maana mji wao ulikuwa unakua na fedha zikimiminika. Walimtafuta mtaalamu mwingine wa mawe, Robert Hill, na mwaka 1928 kitabu chake kilitolewa kuonyesha kwamba mji wao hauna hatari kubwa. Kisha vile vipimo vya serikali vikarudiwa, vikaonekana vina makosa. Milima haikusogea kiasi kile. Bwana Willis akabaki hana la kusimamia, ikambidi ayarudishe maneno yake. Watu walimcheka. Na wale waliokuwa wakitaka sheria za ujenzi wakavunjika moyo, kwa kuwa wapinzani walisema kwamba yote ni hofu ya mzee mmoja.

KUJA KWAKE AFRIKA YA MASHARIKI

Katika siku zile za kuaibishwa hakukaa nyumbani akinung'unika. Mwaka 1929, akiwa na miaka 72, alifunga safari ya kuja Afrika ya Mashariki kwa msaada wa taasisi ya Carnegie, kulichunguza Bonde la Ufa. Habari za safari zake alizitoa katika kitabu mwaka 1930, na habari za elimu yenyewe katika kitabu kikubwa zaidi mwaka 1936.

Kila mwanafunzi wa hapa amekwisha kuliona bonde hilo, hata kama hakujua jina lake. Mtu akitoka Arua kushuka mpaka Pakwach au Rhino Camp, aona nchi yateremka, joto lazidi, hata afike penye mto Nile unaopita katika tambarare. Kule ndiko kunakofikia tawi la magharibi la Bonde la Ufa upande wa kaskazini. Tawi lenyewe laanza mbali sana kusini, lapita ziwa Tanganyika, Kivu, Edward na Albert, ndipo laja kwetu. Sisi wa Arua tumekaa juu ukingoni, na wenzetu wa Toro na Bundibugyo wamekaa kandokando ya nyufa zenyewe.

Bwana Willis alitaka kujua bonde hili lilitokea kwa njia gani. Wengine walisema nchi ilivutwa huku na huku, ikapasuka, na sehemu ya kati ikazama, kama mtu aukatavyo mkate na kuuvuta. Yeye alisema sivyo. Alidhani nchi ilisukumwa pande mbili na kingo zikapanda juu. Huenda ile nta aliyoisukuma katika kisanduku ujanani ilikuwa bado machoni pake. Kadhalika alimpinga sana Mjerumani Alfred Wegener aliyesema kwamba mabara husogea. Mwaka 1944 alikuwa angali anaandika kuipinga habari hiyo kama hadithi ya watoto.

Leo twajua kwamba katika mambo hayo mawili Bwana Willis hakuona sawa. Vyombo vya kupimia kwa msaada wa satelaiti vimeonyesha kwamba mabara husogea kweli, na kwamba upande wa mashariki wa Afrika unajitenga na upande mwingine kwa milimita chache kila mwaka. Milimita chache ni kitu kidogo, pungufu ya ukucha unavyokua kwa mwaka. Walakini ukizijumlisha kwa miaka mia mbili zinafika mita nzima au kupita, na mawe yaliyoshikamana siku moja huachia. Kwa hiyo bonde letu lavutwa na halisukumwi. Lakini tetemeko halimwulizi mtu anafuata mafundisho ya nani. Iwe kwa kuvutwa iwe kwa kusukumwa, ukuta usiofungwa huanguka vilevile.

JIONI YA LONG BEACH

Tarehe 10 Machi 1933, ilipokaribia saa kumi na mbili jioni, tetemeko likapiga mji wa Long Beach, jirani na Los Angeles. Ilikuwa miaka saba na kitu tangu utabiri ule. Halikuwa kubwa kama alivyohofu Bwana Willis. Ukubwa wake ulikuwa 6.4. Wataalamu wa leo hawasemi kwamba alitabiri kweli, maana alitegemea hesabu zenye makosa, na hata sasa hakuna mtu awezaye kutaja siku ya tetemeko. Lakini neno lake la pili, lile la majengo mabaya, lilionekana kweli mbele ya macho ya watu wote.

Watu kama 120 walikufa. Na majengo yaliyoanguka kwa wingi yalikuwa majengo ya shule. Yalikuwa mazuri kwa kutazama, marefu, yenye nakshi mbele, lakini yamejengwa kwa matofali yaliyoshikwa na chokaa tu bila chuma ndani. Shule 70 zilibomoka kabisa, na nyingine nyingi zikapata nyufa. Madarasa yalijaa vifusi juu ya madawati. Watoto walikuwa wamekwenda nyumbani saa chache kabla. Wazazi walikwenda asubuhi yake kutazama mahali watoto wao wanapoketi kila siku, wakaelewa.

Kilichoshindikana kwa miaka kwa maneno ya wataalamu kilifanyika kwa mwezi mmoja tu. Tarehe 10 Aprili 1933 jimbo la California lilipitisha sheria kwamba shule zote za serikali zipigiwe hesabu na wahandisi wenye cheti, na ujenzi wake ukaguliwe tangu msingi hata paa. Tangu hapo matetemeko mengi yamepita California, na shule zilizojengwa kwa sheria ile hazikuwaangukia wanafunzi wake.

Bwana Willis aliyaona hayo kwa macho yake. Aliendelea kuandika na kusafiri, akafariki tarehe 19 Februari 1949 akiwa na miaka 91.

NA SISI JE?

Wasomaji wenzangu, msidhani kwamba hizi ni habari za Wamarekani na Wajapani peke yao. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilitokea sehemu za Rukwa, Tanganyika, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika. Tarehe 20 Machi 1966, siku ya Jumapili alfajiri, watu wangali usingizini, nchi ya Toro na upande wa Kongo ilitikiswa. Walikufa watu kama 157, zaidi ya elfu wakaumia, na nyumba kama 6,700 zikaharibika. Mwaka 1994 Toro ikatikiswa tena.

Na hata huku kwetu kaskazini hatukuachwa. Tarehe 20 Mei 1990, alfajiri, palitokea tetemeko la ukubwa wa 7.2 katika bonde la Nile, ng'ambo ya mpaka katika nchi ambayo leo ni Sudan ya Kusini, na siku nne baadaye mengine makubwa yakafuata. Hilo lilizidi lile la Toro la mwaka 1966 kwa nguvu. Babu yangu anasema kuku walianguka kutoka mtini na maji yakamwagika mtungini. Lakini kwao halikuua mtu, kwa kuwa lilikuwa mbali, na kwa kuwa nyumba zote za kijijini zilikuwa za fito na udongo zenye paa la nyasi. Nyumba ya namna hiyo ikianguka hukuchafua, haikuvunji mifupa.

Sasa nyumba hizo zinapungua. Kila tajiri mdogo wa Arua na Koboko anajenga kwa matofali ya kuchoma na mabati, na ni maendeleo mema, hatuwezi kuyarudisha nyuma. Lakini mara nyingi matofali hayo yashikizwa kwa udongo mtupu, saruji ikapakwa nje tu ili yapendeze. Lenta haiwekwi, au huwekwa juu ya mlango peke yake, haikuzunguka nyumba nzima. Nondo hupunguzwa kwa kuwa ni ghali. Nyumba kama hiyo ina uzito wa kuua, na haina mshipi wa kuifunga.

Mfano wake tuliuona katika mkoa wa Kagera, Tanzania, Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9 tu. Kwa hesabu ya wataalamu, lile la Rukwa la mwaka 1910 lilikuwa na nguvu zaidi yake mara 150 na kupita. Hata hivyo katika Bukoba na vijiji vyake walikufa watu 17, mamia wakaumia, na maelfu wakakosa pa kulala, kwa maana liliwakuta katika nyumba za matofali na mawe. Shule mbili za sekondari zenye sifa tangu zamani, Ihungo na Nyakato, ziliharibika hata zikafungwa, wanafunzi wakahamishwa, nazo zikajengwa upya. Ihungo ilianzishwa na wamisionari kama hii yetu. Niliposoma habari hiyo niliinua macho nikatazama ukuta wa bweni letu.

Basi tofauti ya nchi na nchi ni hii. Toro wanalijua tetemeko lakini wengi wao hawana fedha ya nondo. Japan wanalijua, nao wana fedha na sheria. Sisi wa Arua hatulijui vizuri, na kwa hiyo hatuliulizi fundi. Mahali ambapo tetemeko huja mara moja katika maisha ya mtu ndipo pana hatari ya namna yake, maana anayekumbuka ni babu, na anayejenga ni mjukuu.

Uganda ilitoa kanuni za kujenga kwa kuangalia matetemeko mwaka 2003, na sheria ya kusimamia majengo mwaka 2013. Sheria zipo. Linalobaki ni mtu kuzifuata hata mahali ambapo mkaguzi hafiki. Wengi wetu tutaondoka hapa tuwe walimu, makarani, wakandarasi, na baba na mama wenye nyumba. Siku moja tutasimama mbele ya fundi mwashi, naye atatuambia kwamba lenta ya kuzunguka nyumba nzima ni kupoteza fedha. Siku hiyo tukumbuke madawati ya Long Beach.

Na kwa leo, yako mambo yasiyohitaji fedha. Masanduku mazito yasiwekwe juu ya makabati karibu na vichwa vya waliolala. Mlango wa bweni usifungwe kwa kufuli usiku hata ufunguo usipatikane. Kila mmoja ajue kwamba nchi ikitikisika haifai kukimbilia ngazi wakati ule ule. Yafaa kujikunyata chini ya meza imara, kufunika kichwa, na kutoka mtikisiko ukiisha, na kukaa mbali na kuta, kwa kuwa mitikisiko mingine hufuata. Mazoezi ya dakika tano katika kila muhula yangetosha.

Bwana Willis alikosea siku, alikosea habari ya bonde letu, na alikosea habari ya mabara. Alipata moja tu, kwamba ukuta mbaya huua na ukuta mwema huokoa, na kwamba jambo hili limo katika uwezo wa binadamu. Hilo moja limewaponya watoto wengi wa shule. Nami naona yatosha kumhesabu mtu miongoni mwa watu wakuu.